Nakala na Asili: Uandaaji wa Maktaba za Mfuatano kutoka Kiasi Kidogo Sana cha RNA, na Istilahi Zake katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna maktaba za mfuatano zinavyoandaliwa kutoka kiasi kidogo sana cha RNA, kama kile kinachopatikana katika mwili wa nzi mweupe mmoja wa muhogo. Hoja yetu kuu ni kwamba, katika hali ya uchache, kilichopotea kabla ya kunakiliwa hakirudishwi na wingi wa nakala zinazofuata. Hoja hii ni ya kisayansi, lakini ni ya kiistilahi pia. Iwapo Kiswahili kitatumia neno moja kwa kukua kwa kitu na kwa kuongezeka kwa nakala zake, msomaji atapotoshwa mahali pale pale panapohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mwishoni tunapendekeza istilahi chache na kuzitolea sababu.

1.0 Utangulizi

Anayesafiri kwa Barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge kuelekea kaskazini huanza kuiona mihogo pale nyumba zinapoachana. Tegeta, karibu na kilima cha Wazo chenye kiwanda cha saruji, na mbele yake Boko na Bunju, ni sehemu za jiji la Dar es Salaam ambako kiwanja kisichojengwa mara nyingi huwa shamba. Muhogo hupandwa kwa pingili, na pingili hutoka kwa jirani kwenda kwa jirani. Pamoja na pingili husafiri pia maradhi.

Mojawapo ya maradhi hayo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na H. H. Storey mwaka 1936, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mmea unaweza kuonekana wenye afya huku mizizi yake ikiwa na madoa makavu ya kahawia yasiyolika. Mkulima hugundua hasara siku ya kung'oa, na kufikia hapo pingili za shina hilo hilo huenda zimekwisha kugawiwa. Virusi vyake huenezwa kwa njia mbili: kwa pingili zenye maambukizi, na kwa mdudu mdogo aitwaye nzi mweupe, ambaye kwa jina la kisayansi ni Bemisia tabaci.

Ili kujua ni kirusi gani kimo katika jani, au ni aina gani ya nzi mweupe anayekieneza, wataalamu husoma mfuatano wa molekuli za urithi. Kazi ya namna hiyo imefanyika kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Mikocheni na Tegeta zote zimo katika Wilaya ya Kinondoni. Hata hivyo, kati ya jani la shambani na mfuatano unaosomeka katika kompyuta kuna hatua moja ambayo haijaelezwa vya kutosha kwa Kiswahili, nayo ni uandaaji wa maktaba.

Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza kwa nini suala la maabara lijadiliwe na wanaisimu. Jibu ni kwamba mzigo wa kulieleza umo mikononi mwao. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 iliweka msingi muhimu wa istilahi za sayansi. Lakini kamusi hiyo ilitangulia mbinu tunazozijadili hapa: usomaji wa RNA jumbe zote za seli moja ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Kwa hiyo pengo lililopo si la uvivu wa waundaji wa istilahi, bali ni la wakati. Aidha, pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kutafsiri orodha ya maneno peke yake. Ni lazima kwanza mchakato wenyewe ueleweke, kisha maneno yafuate.

2.0 Dhana ya maktaba

2.1 RNA na ujumbe wake

RNA ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa nyukleotidi za aina nne, ambazo huwakilishwa kwa herufi A, C, G na U. Mpangilio wa herufi hizo ndio mfuatano. Katika seli, sehemu kubwa ya RNA, kwa kawaida zaidi ya asilimia 80, ni RNA ya ribosomu, yaani sehemu ya mtambo unaotengeneza protini. RNA jumbe, ambayo huchukua maagizo ya jeni kutoka katika DNA, ni kama asilimia 1 hadi 5 tu ya RNA yote. Mtafiti anayetaka kujua jeni zipi zinafanya kazi huitafuta sehemu hiyo ndogo ndani ya ile kubwa.

Kwa baadhi ya virusi, RNA si mjumbe tu bali ndiyo urithi wenyewe. Virusi vya michirizi ya kahawia ni vya kundi hilo. Mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walichapisha mfuatano kamili wa kirusi cha ugonjwa huu wenye nyukleotidi 9,069. Virusi vya batobato, ugonjwa mwingine mkubwa wa muhogo, ni tofauti: urithi wao ni DNA, na katika maktaba ya RNA huonekana kupitia RNA zinazonakiliwa kutoka katika DNA hiyo. Tofauti hii ina athari katika kazi. DNA ni imara na huvumilia safari. RNA huvunjwa upesi na vimeng'enya viitwavyo ribonukliasi, ambavyo vimo katika jasho, katika vumbi, na katika mwili wa mdudu mwenyewe.

2.2 Kutoka RNA hadi maktaba

Mashine nyingi za kusoma mfuatano hazisomi RNA moja kwa moja. Husoma vipande vya DNA vyenye urefu unaofaa na vyenye adapta katika ncha zake zote mbili. Adapta ni kipande kifupi cha DNA chenye mfuatano unaojulikana, ambacho huiwezesha mashine kukishika kipande kigeni na kuanza kukisoma. Mkusanyiko wa vipande vyote vilivyotayarishwa hivyo kutoka katika sampuli moja ndio uitwao maktaba. Zipo mashine zinazoipitisha RNA yenyewe katika vitundu vidogo mno na kuisoma bila kuigeuza, lakini njia hiyo huhitaji RNA nyingi kuliko kiasi tunachokizungumzia.

Njia ya kawaida, kwa ufupi, ina hatua hizi:

(a) Kuhifadhi sampuli na kuitoa RNA katika seli.
(b) Kuchagua RNA inayotakiwa, ama kwa kuishika RNA yenye mkia wa adenini, ama kwa kuiondoa RNA ya ribosomu.
(c) Kuigeuza RNA kuwa DNA kwa kimeng'enya cha unakili wa kinyume. Kimeng'enya hiki kilitangazwa mwaka 1970 na Howard Temin na Satoshi Mizutani kwa upande mmoja, na David Baltimore kwa upande mwingine.
(d) Kuvipata vipande vya urefu unaofaa na kuvitia adapta.
(e) Kuzidisha nakala za vipande hivyo kwa mmenyuko mnyororo wa polimerasi, ambao katika maabara huitwa PCR.
(f) Kusafisha, kupima, na kupeleka kwenye mashine.

Baina ya hatua hizo kuna usafishaji mwingi, na kila usafishaji hupoteza kitu. Aliyeanza na nanogramu 1,000 za RNA hahisi upotevu huo, kwa kuwa kila aina ya molekuli anayo kwa maelfu. Kwa aliyeanza na sehemu ya elfu ya kiasi hicho, hali hubadilika kabisa.

3.0 Tatizo la uchache

3.1 Hesabu ya molekuli

Mbinu za kawaida zilibuniwa kwa kiasi cha RNA cha nanogramu 100 hadi 1,000. Seli moja ya mnyama ina takriban pikogramu 10 hadi 30 za RNA yote, na nanogramu moja ni pikogramu 1,000. Tukichukua RNA jumbe yenye urefu wa nyukleotidi 2,000, pikogramu moja yake ina molekuli zipatazo laki tisa. Kwa kuwa RNA jumbe ni sehemu ndogo ya RNA yote, seli moja hubeba molekuli laki kadhaa tu za ujumbe, nazo hugawanyika baina ya maelfu ya jeni. Jeni chache huwa na molekuli nyingi sana. Jeni nyingi huwa na molekuli zinazohesabika kwa vidole.

Tuseme kwamba kila molekuli ina nafasi moja katika kumi ya kugeuzwa kuwa DNA na kuingia katika maktaba. Jeni yenye molekuli 50 haitakosekana: uwezekano wa kuikosa kabisa ni kama nusu ya asilimia moja. Lakini jeni yenye molekuli tano ina uwezekano wa asilimia 59 wa kutoonekana hata mara moja. Mtafiti anayesoma matokeo ataona sifuri, naye anaweza kudhani kwamba jeni ile imelala. Kumbe ilikuwa ikifanya kazi, ila molekuli zake hazikupata mnakili.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa suala zima. Sifuri ya kutokuwapo na sifuri ya kutonaswa zina sura moja katika jedwali la matokeo. Hakuna hatua yoyote inayofuata, wala mashine yenye nguvu kiasi gani, inayoweza kuzitenganisha katika sampuli hiyo moja.

3.2 Kupunguza upotevu

Kwa sababu hiyo, mbinu zote za uchache zina lengo la kuifikia hatua ya unakili mapema na kwa kuhamisha sampuli mara chache iwezekanavyo. Badala ya kutoa RNA katika chombo kimoja, kuisafisha katika cha pili na kuigeuza katika cha tatu, seli hupasuliwa ndani ya mchanganyiko ule ule ambamo unakili utafanyika. Ujazo hupunguzwa ili molekuli chache zisiwe zimetawanyika katika maji mengi. Vyombo huteuliwa vya plastiki isiyonata molekuli. Kizuizi cha ribonukliasi hutiwa tangu mwanzo.

Mbinu iliyoleta mabadiliko makubwa ni ubadilishaji wa kiolezo, ambao ndio msingi wa njia ya Smart-seq2 iliyochapishwa mwaka 2013. Kianzio chenye msururu wa herufi T hushika mkia wa adenini wa RNA jumbe. Kimeng'enya cha unakili wa kinyume huisoma RNA kuelekea ncha ya pili, na kinapofika mwisho huongeza chenyewe herufi C chache ambazo hazimo katika kiolezo. Katika mchanganyiko huwekwa kipande kifupi kinachoishia kwa herufi G. Kipande hicho hujishikiza kwenye zile C, nacho kimeng'enya huhama kutoka RNA na kuendelea kunakili kipande kile. Matokeo yake ni DNA nakala yenye mfuatano unaojulikana katika ncha zote mbili, iliyopatikana bila kuunganisha adapta kwa hatua ya pekee. Faida haiko katika wepesi tu. Hatua ya kuunganisha adapta kwenye molekuli chache ni mahali ambapo nyingi hupotea, na hapa hatua hiyo imerukwa hadi nakala ziwe nyingi.

3.3 Kianzio kama mteuzi

Uteuzi wa kianzio huamua nani atasikika. Msururu wa T hushika RNA zenye mkia wa adenini, na hizo ni pamoja na RNA jumbe za mdudu, za mmea, na jenomu ya virusi vya michirizi ya kahawia. RNA za bakteria kwa kawaida hazina mkia wa namna hiyo, au zina mkia mfupi usioshikika vizuri. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua bakteria wanaoishi ndani ya nzi mweupe hawezi kutegemea msururu wa T. Hana budi kutumia vianzio vya mfuatano wa kubahatisha vinavyoshika popote. Hapo tena hukutana na RNA ya ribosomu, ambayo itaijaza maktaba isipoondolewa. Uondoaji huo wenyewe ni hatua ya ziada yenye upotevu wake. Hakuna njia isiyo na gharama. Linalowezekana ni kuijua gharama kabla ya kuanza.

3.4 Wingi wa nakala na uchache wa mashahidi

Baada ya unakili wa kinyume huja PCR. Kila mzunguko, iwapo kila molekuli itanakiliwa, huzidisha idadi mara mbili: mizunguko 10 hutoa nakala 1,024 kwa kila molekuli, na mizunguko 18 hutoa 262,144. Ndivyo pikogramu zinavyofikia nanogramu, na mashine ikapata cha kusoma.

Lakini si vipande vyote vinavyonakiliwa kwa urahisi sawa. Vifupi hupita virefu, na vyenye G na C nyingi hukawia. Tuchukue vipande viwili vilivyoanza kwa idadi sawa, kimoja kikinakiliwa kila mzunguko bila kukosa, kingine kikifanikiwa kwa asilimia 90. Baada ya mizunguko 10 cha kwanza kitakuwa mara 1.7 ya cha pili. Baada ya mizunguko 20 kitakuwa karibu mara 2.8. Tofauti hiyo haikuwamo katika mdudu. Imezaliwa na mnyororo.

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wana mfano wao wa jambo hili. Miswada ya tendi iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwingineko mara nyingi ni nakala, na nyingine ni nakala za nakala. Mhakiki akipata miswada 20 ya utendi mmoja, yote imetokana na mswada mmoja uliopoteza beti tatu, hana mashahidi 20. Ana shahidi mmoja aliyerudiwa mara 20. Kosa la mnakili wa kwanza litaonekana katika yote, na wingi wa miswada utalipa kosa hilo sura ya ukweli. Beti zilizopotea hazitarudi hata miswada ikifika elfu.

Maktaba ya RNA iliyoanza na molekuli chache iko katika hali hiyo hiyo. Mashine inaweza kutoa masomo milioni 40, lakini yakiwa ni nakala za molekuli laki mbili, ushahidi ni wa laki mbili. Dawa yake ni kuitia kila molekuli alama kabla haijazidishwa. Katika hatua ya unakili wa kinyume, kila DNA nakala hupewa mfuatano mfupi wa kubahatisha, ambao tunauita tambulishi ya molekuli. Tambulishi ya herufi 10 ina namna 1,048,576, hivyo ni nadra molekuli mbili za jeni moja zipate tambulishi moja. Baada ya usomaji, masomo yote yenye tambulishi moja na jeni moja huhesabiwa kuwa moja. Kwa njia hii upotofu wa hesabu uliozaliwa na mnyororo hurekebishwa kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, tambulishi haiirudishi molekuli ambayo haikunakiliwa kamwe. Huhesabu mashahidi waliofika, haiwaiti wasiofika.

4.0 Kisa cha nzi mweupe mmoja

Nzi mweupe mzima ana urefu wa kama milimita moja. Kwa muda mrefu watafiti waliokoa uchache huo kwa kuchanganya wadudu wengi katika sampuli moja. Njia hiyo hutoa RNA ya kutosha, lakini huchanganya watu wengi katika sauti moja. Ikiwa wadudu wawili wana tofauti katika jeni fulani, maktaba ya mchanganyiko haiwezi kueleza nani ana ipi. Na ikiwa mmoja kati ya 50 amebeba kirusi, mchanganyiko wote utaonekana una kirusi.

Mwaka 2018 Peter Sseruwagi wa Mikocheni, James Wainaina, Joseph Ndunguru, Laura Boykin na wenzao walitoa makala katika jarida la Gates Open Research wakieleza usomaji wa RNA za nzi weupe mmoja mmoja waliokusanywa mashambani. Walirekebisha utaratibu wa kutoa RNA hadi ukafaa kwa mdudu mmoja, kisha wakasoma wadudu wanne wa kundi liitwalo SSA1, ambalo ni la Afrika Kusini mwa Sahara. Kila mdudu alitoa masomo milioni 39 hadi 42. Yalipounganishwa yalitoa vipande endelevu kati ya 65,000 na 162,000. Ndani ya wadudu hao zilipatikana pia RNA za bakteria watano: Portiera, ambaye ni mshirika wa lazima wa mdudu huyu, pamoja na Arsenophonus, Wolbachia, Rickettsia na Cardinium.

Takwimu hizi zinastahili kusomwa kwa makini. Idadi ya masomo ni karibu sawa kwa wadudu wote wanne, ilhali idadi ya vipande endelevu inatofautiana zaidi ya mara mbili. Idadi ya masomo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mashine na mkataba wa usomaji. Kilichomo ndani yake hutegemea mambo mengi, yakiwamo hali ya RNA ya kila mdudu na yale yaliyotokea wakati wa kuandaa maktaba yake. Kwa hiyo masomo milioni 40 peke yake hayatoshi kuwa kipimo cha ubora.

Tuchukue sasa shamba dogo la mihogo la Tegeta kama mfano wa kufikirika. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anakamata nzi weupe kumi chini ya majani ya mmea mmoja, anataka kujua wangapi wamebeba kirusi. Tangu dakika ile ya kwanza kazi yake imekwisha kuanza, maana ribonukliasi hazingoji maabara. Mdudu atiwe papo hapo katika kihifadhi, na joto la mchana wa pwani lihesabiwe kuwa ni adui. Maabarani, kila kundi la sampuli liambatane na chombo kisicho na mdudu, chenye vitendanishi vitupu, kipite hatua zote kama vingine. Pale sampuli inapokuwa kubwa, uchafu kidogo wa vitendanishi humezwa. Pale sampuli inapokuwa pikogramu, uchafu ule ule unaweza kuwa sehemu kubwa ya maktaba, na bakteria wa maji ya maabara akaandikwa kuwa mkazi wa mdudu.

Tahadhari nyingine inahusu kupima ubora wa RNA. Kipimo kinachotumika sana hutoa alama kutoka 1 hadi 10 kwa kutazama vilele viwili vya RNA ya ribosomu. Katika wadudu wengi RNA kubwa ya ribosomu ina mkatiko wa asili, na ikipashwa moto hugawanyika vipande viwili vinavyokaribiana kwa urefu na RNA ndogo. Mchoro huonyesha kilele kimoja, na chombo hutoa alama ya chini kwa RNA ambayo kwa kweli ni nzima. Mtafiti asiyejua hili atatupa sampuli njema.

5.0 Suala la istilahi

5.1 Uzidishaji si ukuzaji

Katika mazungumzo ya maabara, hatua ya PCR mara nyingi huitwa "kukuza" DNA. Neno hili lina mvuto kwa kuwa limezoeleka: tunakuza picha, tunakuza sauti. Lakini kukuza ni kukifanya kitu kilekile kiwe kikubwa. Picha iliyokuzwa huonyesha kilichokuwa hakionekani. Msomaji akiambiwa kwamba RNA chache "ilikuzwa", ataelewa kwamba taarifa iliyokuwa ndogo sasa ni kubwa, na kwamba kilichofichika sasa kimefichuka. Tumeona hapo juu kwamba hali sivyo. Molekuli haikui. Nakala zake ndizo zinazoongezeka, na taarifa inabaki ileile au inapotoshwa.

Kwa mintarafu hiyo, tunapendekeza "uzidishaji nakala". Kitenzi kuzidisha kina maana ya kihesabu inayolingana na mnyororo, ambao huzidisha kwa mbili kila mzunguko. Neno nakala nalo humkumbusha msomaji kila mara kwamba kinachozungumziwa si asili.

5.2 Anuwai ya maktaba

Istilahi ya pili yenye tatizo inahusu idadi ya molekuli asili tofauti zinazowakilishwa katika maktaba. Tafsiri ya neno kwa neno kutoka lugha za kigeni huleta "uchangamano", neno ambalo Mswahili hulielewa kuwa ni hali ya kutatanisha au ya mambo kuingiliana. Maktaba njema basi ingesemwa ni yenye kutatanisha. Neno "anuwai" lina maana ya aina mbalimbali, limekwisha kuzoeleka katika "bioanuwai", na linaeleweka hata kwa asiye mtaalamu. Maktaba yenye anuwai ndogo ni ile yenye vitabu vingi vya anwani chache. Hapo sitiari ya maktaba, ambayo kwanza huonekana ngeni, hujithibitisha yenyewe.

5.3 Muhtasari wa istilahi

Istilahi zilizotumika katika makala haya ni kama ifuatavyo:

Maktaba ya mfuatano: mkusanyiko wa vipande vya DNA vyenye adapta, vilivyotokana na sampuli moja.
Molekuli asili: RNA iliyokuwamo katika sampuli kabla ya hatua yoyote.
Kiolezo: molekuli inayosomwa na kimeng'enya wakati wa kunakili.
Kianzio: kipande kifupi ambapo unakili huanzia.
Unakili wa kinyume: utengenezaji wa DNA kwa kufuata RNA.
DNA nakala: zao la unakili wa kinyume.
Ubadilishaji wa kiolezo: kuhama kwa kimeng'enya kutoka RNA hadi kipande kingine bila kukatiza unakili.
Uzidishaji nakala: ongezeko la nakala kwa PCR.
Tambulishi ya molekuli: mfuatano mfupi unaotiwa kabla ya uzidishaji ili nakala za asili moja zitambulike.
Anuwai ya maktaba: idadi ya molekuli asili tofauti zilizowakilishwa.
Somo: mfuatano mmoja uliotolewa na mashine.

Msomaji ataona kwamba maneno nakala, asili, kiolezo na unakili yanashirikiana. Hili ni la makusudi. Istilahi zikiundwa moja moja, kila moja kwa mantiki yake, huwa mzigo kwa mwanafunzi. Zikiundwa kama mfumo, neno moja hufafanua jingine. Aidha, mfumo huu unatoka katika uwanja ambao Kiswahili kina uzoefu nao wa karne nyingi, yaani uandishi na unakili wa miswada. Kimeng'enya, adapta na polimerasi tumeziacha kama zilivyo, kwa kuwa zimekwisha kuingia katika matumizi au hazina mbadala ulio bora. Usanifishaji wa mwisho ni kazi ya vyombo vinavyohusika, hususan Baraza la Kiswahili la Taifa, baada ya wanabiolojia kuyajaribu maneno haya katika kazi zao.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uandaaji wa maktaba kutoka kiasi kidogo cha RNA ni juhudi ya kufikisha molekuli nyingi iwezekanavyo kwenye unakili kabla hazijapotea, na kisha kuzuia wingi wa nakala usichukuliwe kuwa wingi wa ushahidi. Kuhifadhi mapema, kupunguza uhamishaji, kuchagua kianzio kwa kujua kinachoachwa, kutia tambulishi kabla ya kuzidisha, na kuwa na chombo kitupu cha kulinganishia: haya yote yanatokana na kanuni hiyo moja.

Kanuni hiyo ina uzito nje ya maabara. Mtaalamu akimwambia mkulima wa Tegeta kwamba mmea wake hauna kirusi, mkulima atazikata pingili na kumgawia jirani. Kama jibu lile lilikuwa sifuri ya kutonaswa, ugonjwa utavuka ua pamoja na pingili hizo. Ni wajibu wa mtaalamu kueleza jibu lake lina uhakika kiasi gani, na kulieleza kwa lugha ambayo mkulima, afisa ugani na mwanafunzi wanaielewa. Ili aweze kufanya hivyo, hana budi kuwa na maneno yanayotenganisha kisichokuwapo na kisichoonekana. Kiswahili kinayo maneno hayo, na kazi iliyobaki ni kuyatumia kwa utaratibu katika ripoti za utafiti, katika ufundishaji na katika mafunzo ya ugani.